Siku Nilipomsifu Mtani Wangu

Mashine zenu, mafundi vijana, nazipenda. Nianze na hilo, msije mkasema babu Mbwambo ana wivu. Mnachomeka kidude chini ya usukani, mnatazama simu, gari linajieleza lenyewe: hiki kimekufa, kile kinaumwa. Safi kabisa. Sisi pale Kariakoo tulikuwa tunaunganisha matundu mawili ya soketi ya gari kwa kipande cha waya, tunafungua swichi, halafu tunakaa kuhesabu taa ya injini inavyokonyeza kwenye dashibodi. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara mbili tena, hiyo ni ishirini na mbili. Unafungua kitabu, unatafuta ugonjwa namba ishirini na mbili.

Sasa kazi hiyo inataka utulivu, na mimi karakana yangu ilikuwa baraza moja upande wa Gerezani, ubavuni mwa duka la jumla la mabeseni. Siku moja nahesabu kwa sauti, na mwenye duka anamhesabia mteja wake: "Kumi na nne, kumi na tano..." Nikajikuta nimeitikia, "Kumi na sita!" Basi nikafungua kitabu, nikang'oa sensa ya gari la watu iliyokuwa haina kosa lolote duniani, kwa sababu ya beseni la kumi na sita. Mteja wangu akarudi kesho yake. "Fundi, injini bado inakatakata, gari inamisi." Mwenye mabeseni akadakia, "Inammisi fundi mwingine."

Huyo ndiye Mama Happy. Mchaga wa Marangu, sauti kama kengele ya shule, na kwa kuwa mimi ni Mpare wa Same, ni mtani wangu. Utani wetu mnaujua. Kila asubuhi aliniuliza kama nimekula au bado nasubiri msiba wa jirani nikale huko. Mimi nilimuuliza kama amelala au amekesha akisikiliza kama kuna sarafu imedondoka mtaani. Tukimaliza, tunaulizana hali za watoto. Miaka na miaka.

Lakini leo nataka niwaambie ugonjwa ambao mashine zenu haziuoni: gari linalozima pale linapojisikia. Ukimwita fundi, linawaka kwa ufunguo wa kwanza na kukutazama kama wewe ndiye mwongo. Fundi akigeuza mgongo, linazima. Nimeona wanaume wazima, baba za watu, wanagombana na tenki la mafuta barabarani kwa ajili ya ugonjwa huo.

Aliyenifundisha kazi, marehemu fundi Kondo, Mzaramo wa Magomeni, alikuwa na maswali matatu tu kwa gari la namna hiyo. Linazima likiwa linafanya nini? Nani yumo? Amekaa wapi? Swali la kwanza nilimwelewa. Hayo mengine mawili niliyaona umbeya mtupu. Fundi umeme, nani kakaa na nani ndani ya gari la watu inamhusu nini? Nikayaacha, nikafanya kazi miaka mingi bila kuyauliza, na miaka yote hiyo hayakunidhuru. Yalikuwa yananisubiri.

Mnajua Desemba ya Kariakoo. Wachaga wanapungua mtaani unawaona kwa macho. Maduka yanafungwa, magari yanapakiwa mpaka matairi yanatuna, safari ya Moshi. Basi mwanzoni mwa Desemba moja Mama Happy akaja barazani kwangu, hana utani usoni.

"Fundi, gari inazima."

"Ikiwa inafanya nini?"

"Baba akipanda."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Gari lenyewe lilikuwa van ya bluu, ya zamani, ila ya nozeli, siyo ya kabureta, mafuta yanasukumwa na pampu ya umeme. Alikuwa amelinunua mwaka ule kwa mtu wa tatu au wa nne. Baba yake, Mzee Eliapenda, alikuwa amevuka miaka themanini. Aliletwa Dar kutibiwa nyonga, akakaa. Mguu mmoja haukunji, kwa hiyo ndani ya gari alikuwa na siti yake moja, ile ya mlangoni, anyooshe mguu, na fimbo yake ya mti mgumu yenye ncha ya chuma ameisimamisha sakafuni mbele yake. Mara ya kwanza gari lilizima wakienda kanisani. Mara ya pili wakienda kliniki. Mara ya tatu kwenye ubatizo wa mjukuu. Kila mara wote wanashuka wasukume, mzee anateremshwa wa mwisho, ameshikwa makwapani. Na akishakanyaga chini tu, gari linawaka.

Walikuwa wameshampelekea kijana mmoja mwenye mashine kama zenu. Mashine ikasema gari ni zima. Shemeji wa Mama Happy akauliza, "Ni zima, au limezima?" Watu wakacheka, halafu kicheko kikaisha, maana kama gari ni zima, mgonjwa ni nani? Wote wakamgeukia mzee. Kikao cha ndugu kikakaa. Mmoja akasema mzee ana gundu. Mwingine akasema hapana, ni mababu wa Marangu wamekasirika, hawataki arudi. Wakakata shauri: familia itakwenda Moshi, mzee atabaki Dar na dada wa kazi. Basi la abiria hawezi, mguu haukunji. Ndege aliikataa mwenyewe, alisema hapandi chombo kisichoweza kuegeshwa pembeni.

Nikiwa bado nasikiliza hayo, mzee mwenyewe akatoka dukani, taratibu, akaja akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado hujafa, Mpare?"

"Nimeahirisha, mzee."

Akatikisa kichwa. Halafu akashusha sauti ili bintiye asisikie. "Mtani, nikibaki huku mwaka huu, mwakani watanipeleka nimelala. Mke wangu nimemzika kwenye kihamba changu, migombani. Miaka miwili sijaenda kumsalimia. Tengeneza gari."

Nikachukua funguo.

Wiki nzima nilifanya makosa yote mnayoyafanya nyie. Nilibadilisha rilei, ile swichi ya pampu. Nilibadilisha pampu ya mafuta. Nikasugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa kama vikombe vya wageni, nikakaza nyaya zote za ethi kwenye bodi. Nikiliendesha mwenyewe, gari safi. Nikasema, labda ni uzito, likilemewa upande wa mlango kuna kitu kinagusa kingine. Tukachukua gunia la mchele, tukalipunguza mpaka likawa kilo za mzee, tukaliweka kwenye siti yake. Mama Happy akasema jaribio liwe la haki, kwa hiyo gunia likavalishwa koti la mzee na kofia yake. Mimi nikaendesha, yeye kando yangu, tukaenda mpaka Magomeni na kurudi. Kwenye foleni ya Jangwani kijana mmoja muuza maji, mwenye adabu zake, akaliinamia dirishani. "Shikamoo, mzee." Gunia kimya. "Shikamoo, mzee!" Kimya. Kijana akaniangalia mimi. "Babu yenu ana majivuno sana." Mama Happy akamjibu, "Ndivyo alivyo, mwanangu, hata sisi hatusalimii."

Gari halikuzima hata sekunde moja. Mchele hauna gundu.

Basi nikasema nipande na mzee mwenyewe. Hapa kuna ujuzi, sikilizeni. Nilichukua balbu ndogo ya dashibodi, nikaifunga kwenye waya wa pampu kule nyuma tenkini, nikaivuta kwa waya mrefu mpaka mkononi mwangu. Injini ikizima na balbu bado inawaka, basi umeme unafika kwenye pampu, katafute ugonjwa kwingine. Balbu ikitangulia kuzima na injini ikafuata, waya umekatika njiani. Ni balbu moja na macho mawili, haihitaji intaneti. Mama Happy akaendesha, mzee kwenye siti yake, mimi kando yake nimeshika balbu kama mtoto wa kipaimara aliyeshika mshumaa.

Tukazunguka kutwa. Msimbazi, Jangwani, Magomeni, tukarudi Uhuru. Gari linakwenda kama maji. Mzee alifurahi ajabu. Alinieleza jinsi Mpare alivyouza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushtaki kesi ya kuku. Mimi nikamweleza habari za Mchaga na kengele ya sadaka, ambazo hapa siziandiki. Tulicheka mpaka akapaliwa. Mwisho wa siku Mama Happy akasema, "Fundi, imepona!" Nikaringa. Ndiyo, mimi babu yenu, niliringa bila kujua nimeponya nini. Gari likiacha ugonjwa na hujui kwa nini limeacha, hujatengeneza kitu, limekupumzisha tu.

Jumapili walipokwenda kanisani lilizima getini, waumini wote wanatazama. Mzee akateremshwa. Likawaka. Shemeji mtu akasema, "Mnaona sasa?" Kuanzia hapo mzee hakutaka tena kulikaribia. Jumatatu nilimkuta ameketi nyuma ya duka juu ya beseni lililopinduliwa, anatazama ukuta. Roho iliniuma, siwafichi.

Ndipo marehemu Kondo na maswali yake wakanirudia. Nikamwita Mama Happy.

"Kabla halijazima jana, mzee alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ananigombeza. Nimemwambia afunge kifungo cha shati."

"Na siku ya kliniki?"

"Alikuwa anamgombeza daktari, hata hajamwona bado."

"Na siku ya ubatizo?"

"Jina la mtoto hakulipenda."

Nikakaa chini. Gari lilikuwa linazima mzee akikasirika! Nilikuwa bado sijui hasira inaingiaje kwenye waya wa pampu, lakini nilijua ninachotafuta: nipande na mzee, nimkasirishe, macho yangu kwenye balbu. Kazi rahisi sana, nikajidanganya. Mchaga na Mpare, nani atashindwa kumkasirisha mwenzake?

Nilishindwa. Nilimbembeleza apande, akapanda shingo upande, tukaingia Msimbazi, nikaanza kumtukana. Nikaitukana Marangu. Nikaitukana baridi ya Marangu. Nikasema mtori ni uji wa watu waliokosa meno. Mzee anacheka tu, machozi yanamtoka, "Endelea, Mpare, endelea!" Nikafika mahali pa kumwambia maneno ambayo angeyasema mtu wa kabila lingine tungekuwa polisi. Akanipiga begani kwa mapenzi. Nyie, mtani hakasirishwi na mtani! Dawa niliyoitegemea ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa imeliponya gari siku ile ya kwanza.

Nikaishiwa. Nimechoka, balbu inawaka mkononi. Halafu, nadhani kwa uchovu tu, nikabadilisha.

"Mzee," nikasema, "nimekaa nikafikiri. Nyie Wachaga ni watu waungwana sana."

Kicheko kikakatika. Mama Happy akanitazama kwenye kioo.

"Mna akili, mna huruma," nikaendelea. "Na ndizi zenu, mzee, sisi Upareni hatuna chakula cha kuzifikia."

"Unaumwa?" akauliza mzee.

"Siumwi. Nasema ya moyoni."

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee. Nawapenda tu."

"Unataka nini?" Mishipa ya shingo imemsimama. "Mpare hamsifu Mchaga bure! Kuna kitu kwetu anakitaka huyu! Mama Happy, simamisha gari! Sema unataka nini, wewe!" Na kila neno akaligongea fimbo sakafuni: ko! ko! ko!

Ko ya tatu, balbu ikazima. Sekunde moja baadaye, injini ikafuata.

Tulikuwa katikati ya Msimbazi, mikokoteni imeziba nyuma, wapagazi wanatutukana kwa lugha zote za nchi hii, na mimi nimemkumbatia Mzee Eliapenda kwa nguvu zangu zote. Akazidi kuogopa. "Mama Happy," akasema kwa sauti ndogo, "huyu mtu amechanganyikiwa, nishushe."

Alishuka, na gari likawaka, kama kawaida. Ila sasa nilijua kwa nini. Tulipofika barazani nikafunua zulia mbele ya siti yake. Bati la sakafu lilikuwa na kibonyeo kidogo, ukubwa wa shilingi, palipogongwa na ncha ya fimbo. Chini ya kibonyeo, umebanwa kwenye bati, ulipita waya wa pampu, na hapo hapo palikuwa na kiungo. Akigonga, kiungo kinaachia. Watu wakishuka na mzee akiondoa mguu wake, bati linarudi juu, waya unagusana tena, gari linawaka. Hapakuwa na mababu wala gundu.

Nikakivuta kiungo nikitazame. Waya umesokotwa kwa mkono, haukuchomewa risasi, umefungwa tepu nyeusi, na juu ya tepu uzi mweupe wa fundi viatu, mizunguko mitatu na fundo la ubavuni.

Kariakoo nzima ni mtu mmoja tu aliyefunga uzi ule, ili tepu isiachie kwenye joto. Mimi.

Nikakumbuka yote. Van ile ilipokuwa nyeupe, ya muuza nafaka mmoja, panya walikuwa wamekata waya. Nilipofika kwenye kuchomea risasi, umeme ukakatika mtaa mzima. Nikausokota, nikaufunga, nikamwambia njoo kesho niuchomee. Kesho hakuja. Na mimi sikumtafuta. Kesho ile ilikuja baada ya miaka sita, ikiwa na rangi ya bluu na mzee wa watu ndani yake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya gari, hakuna aliyeona nilichoshika. Nje walikuwa wamesimama Mama Happy, shemeji mtu, na majirani wa duka la mabeseni, wanangoja. Mzee amekaa, fimbo ameilaza mapajani, hataki hata kunitazama. Ningesema panya, na panya wasingebisha. Lakini shemeji angeuliza, panya gani huyo anayemfuata mzee mpaka kwenye siti yake? Na mzee angebaki Dar.

Nikatoka na waya mkononi. "Siyo mzee," nikasema. "Wala siyo mababu. Kiungo hiki kiko chini ya fimbo yake, akigonga kinaachia, na nilikifunga mimi, nikakifunga vibaya, nikakiacha. Kosa ni langu. Mzee, nisamehe."

Mzee akainua uso polepole.

"Rudia."

"Kosa ni langu."

"Mpare amekubali kosa," akasema, kwa mnong'ono kwanza. Halafu kwa sauti yake yote: "Mpare amekubali kosa! Bila kesi! Bila wakili! Mmesikia? Nyie ni mashahidi!" Mama Happy akajikalisha juu ya mabeseni, yakapasuka matatu, hakuyaangalia hata.

Nikauchomea ule waya risasi, nikaubadilishia njia upite pembeni mbali na fimbo, nikaurudisha uzi wangu juu yake. Nikawasha injini. "Panda, mzee. Gonga."

Hakugonga. Aliishika ile fimbo kwa mikono miwili, ncha ikining'inia juu ya sakafu. Mzee wa miaka ile, aliyegonga fimbo yake maisha yake yote, ndugu zake walikuwa wamemfanya aiogope. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na hilo lilitoka kwenye mkono wangu. Nikamwambia, "Mzee, Wachaga ni watu waungwana sana."

"Nyamaza!" Ko!

Injini ikanguruma vilevile. Akagonga tena. Akagonga mpaka Mama Happy akamwomba abakize sakafu ya safari.

Waliondoka alfajiri ya siku ya tatu, mzee kwenye siti yake. Mchana simu ikaita. Walikuwa Same, kwetu. Alikuwa amewasimamisha makusudi, ameteremka stendi na kuwaambia mama zetu wauza tangawizi kwamba kule Dar kuna Mpare aliyekubali kosa mwenyewe. Hakuna aliyemwamini. Mmoja alimwambia anawatafutia watu kesi.

Jioni ikaita tena. Hakusalimia. Nikasikia ko, ko, ko, kwenye bati, na injini nyuma yake haijakatika. Halafu injini ikazimwa kwa ufunguo, mlango ukafunguliwa, majani ya migomba yanagusana kwa upepo. Alikuwa amesahau kuikata simu. Nikasikia hatua zake, mguu mmoja na fimbo, mpaka zikasimama, na sauti yake, sasa haisemi na mimi, inasema na mkewe.

"Nimefika," akamwambia. "Nimeletwa na Mpare."